Mafundi wa Stendi ya Igunga na Namba Zilizofutika

Kuna ugonjwa wa simu ambao vijana wanaouza simu Igunga leo hawajawahi kuuona, au wameuona mara chache wakadhani ni ubovu wa kawaida. Simu inawaka. Kioo kinang'aa, muziki unasikika hadi kibanda cha tatu, chaji inaingia, laini imo ndani. Lakini mtandao hakuna. Ukibonyeza *#06# unaletewa sifuri tupu, au ujumbe wa Kiingereza kwamba namba ya IMEI si halali. Mafundi wa stendi walisema kwa mkato, "Hii imefutika," na mteja aliyetoka Igurubi au Ziba tangu alfajiri alijua siku yake imeharibika.

Miaka hiyo nilikuwa nikikaa na mjomba wangu kwenye meza yake pale stendi, nikimshikia taa na kumkusanyia skrubu zisipotee. Kazi ile sasa imekwisha. Mjomba yupo, meza ipo, bisibisi zipo, lakini kilichokuwa ufundi chenyewe kimeondoka. Haukuwa ufundi safi wote. Hata hivyo najuta kwamba uliondoka kwa namna ulivyoondoka, na sababu yangu inaanzia kwenye redio.

Mjomba alianza na redio, enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, wakati betri za National zilianikwa juani ili zitoe pumzi ya siku mbili zaidi. Redio ya aina ile ukiifungua, karibu kila kitu kinachoifanya isikie kilionekana kwa macho. Palikuwa na kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa nyaya nyembamba. Palikuwa na vikopo vidogo vya bati vyenye skrubu za rangi kichwani, vilivyotuniwa kwenye kilohertz 455. Palikuwa na vikapasita vya kukaza na kulegeza kwa bisibisi ya plastiki, maana ya chuma huvuruga mawimbi. Kiwandani waliziweka skrubu hizo mahali pake, redio moja moja, kisha wakadondoshea nta ili zisihame barabara ikiwa mbaya.

Nta hiyo ilikuwa ushahidi. Ikiwa nzima, mjomba alijua redio haijaguswa tangu itoke kiwandani. Ikiwa imepasuka, alijua kuna mkono umepita, na mara nyingi aliweza kukisia ni wa nani. Basi alingoja jioni, stesheni za mbali zinapoanza kusikika, atafute moja dhaifu kabisa, akaze robo duara, asikilize, alegeze kidogo, mpaka sauti isafike. Kisha alidondosha nta yake. Hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na sikio na stesheni ya mbali, na mwenye redio alikaa pembeni akisikia mwenyewe kama kazi imefaa.

Vitu vingine vya maana mjini kwetu vilikuwa hivyo hivyo. Baiskeli ya baba, Phoenix, ilikuwa na namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu. Ikiibwa, namba hiyo uliipeleka polisi, na mwizi aliyetaka kuifuta ilimbidi apige tupa, kovu likabaki. Mizani ya kununulia pamba ilikaguliwa na watu wa vipimo, ikapigwa muhuri. Mkulima asiyejua kusoma hata herufi moja aliweza kuuliza muhuri uko wapi, akaonyeshwa. Wizi wa kilo haukuisha kwa hilo, kila mkulima wa Igunga anajua. Lakini aliyeibiwa alikuwa na mahali pa kunyooshea kidole.

Mtandao wa simu ulitufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vodacom ilikuwa imeanza Tanzania mwaka 2000, Celtel ikafuata mwaka 2001, na hata mbunge wetu wa wakati huo, Rostam Aziz, alikuwa miongoni mwa wenye hisa za Vodacom Tanzania, hivyo biashara ya simu haikuwa habari ya mbali kwetu. Igunga pia imekaa njiani. Mabasi na malori yanayotoka Dar es Salaam yakishapanda Sekenke hupita kwetu kuelekea Nzega, na kutoka hapo Mwanza, Kahama na hadi Rwanda. Kilichoingia Kariakoo wiki hii kilikuwa stendi yetu wiki ijayo.

Simu za kwanza mjomba aliziheshimu. Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na karatasi ndogo nyeupe chini ya betri, na juu ya karatasi hiyo tarakimu 15 za IMEI, namba ya kuitambulisha simu. Mjomba alinifundisha kuzisoma. Nane za mwanzo zinaeleza simu ni ya aina gani. Sita zinazofuata ni za simu hiyo peke yake. Ya mwisho ni mlinzi: unazidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili, unajumlisha tarakimu zote zinazopatikana, na hiyo ya mwisho lazima ifikishe jumla kwenye kumi kamili. Anayejitungia namba bila kujua hesabu hiyo hukosea mara tisa katika kumi. Mjomba aliifanya kwa kalamu juu ya boksi la sigara, mteja akidhani anapiga hesabu ya bei.

Karatasi ilikuwa nakala tu. Namba yenyewe ilikuwa imeandikwa ndani ya chipu, na simu ilijitambulisha kwa mnara kwa namba hiyo ya ndani. Ukibonyeza *#06# simu ilikutajia ilichonacho ndani, nawe ukalinganisha na karatasi. Zikipishana, kuna hadithi. Kwenye Nokia za wakati ule namba ilichomwa kwenye chipu mahali pasipoandikika mara ya pili, na fundi aliyebadilisha vipande ovyo aliletewa kwenye kioo maneno mawili ya Kiingereza yaliyowatisha watu wote: wasiliana na huduma. Hakukuwa na huduma ya kuwasiliana nayo Igunga. Kulikuwa na mjomba.

Kisha wakaja Wachina. Hatukusema simu za Kichina, tulisema Mchina: "Nina Mchina wangu laini mbili." Mchina alikuwa na spika inayotikisa meza, taa za rangi ubavuni, wengine antena ya kuvuta na televisheni ndani, na bei ambayo mchunga ng'ombe aliimudu bila kuuza hata mbuzi. Wengi wao ndani walikuwa na chipu za MediaTek, kampuni ya Taiwan, iliyowauzia viwanda vidogo vya Shenzhen karibu simu nzima ikiwa tayari imepangwa. Kiwanda kiliongeza kava, spika na jina. Majina mengine yalikuwa ya kuchekesha, Nokia yenye herufi moja ya ziada.

Unafuu huo ulikuwa na chanzo chake, na hapo ndipo penye kisa chetu. Katika Mchina mambo yote yaliwekwa kwenye chipu moja ya kumbukumbu: programu ya simu, majina na namba za watu, picha, neno la siri la mwenye simu, namba ya IMEI, na vipimo vya kiwandani vya redio yake. Vyote kwenye chipu moja, vingine kwenye eneo lile lile la kuandikika na kufutika. Hakuna kilichochomwa, hakuna kilichofungwa.

Mteja alikuja na tatizo dogo: mtoto amechezea simu, ameweka neno la siri, hakuna anayelikumbuka. Fundi aliunganisha simu kwenye boksi la kuflashia, yaani kifaa cha kusoma na kuandika upya kumbukumbu ya simu, boksi kwenye kompyuta, akabonyeza pa kufuta. Dakika moja baadaye neno la siri limeondoka. Limeondoka pamoja na picha, pamoja na IMEI, pamoja na vipimo. Simu imetoka nzuri kama mpya, na haina mtandao. Mwenye simu alikuja kufunguliwa mlango, akaondoka bila nyumba.

Suala la namba watu walilielewa upesi. Suala la vipimo ndilo lililowashinda wengi, hata mafundi, na mjomba alikuwa na njia yake ya kulieleza. Alianzia kwenye misafara ya zamani: njia yake kuu ilipita kusini mwetu, Tura na Rubuga, hadi Tabora, na wazee wa wazee wetu waliipita wakiwa wapagazi. Nguo ya merekani waliyobeba ilikuwa fedha, nayo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne shuka, mikono minane doti. Sasa mikono ya watu haifanani. Mpimaji mrefu na mpimaji mfupi wote wametaja nane, lakini doti zao si sawa. Anayetaka haki lazima ajue kwanza mkono wa huyu mpimaji una urefu gani.

"Kila simu ina mkono wake," mjomba alisema. Simu mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zimeundwa kwa vipande vinavyopishana kidogo kidogo. Kwa hiyo kabla ya simu kutoka, kiwanda huiweka kwenye mashine ya kupimia na kuandika makosa yake ndani ya kumbukumbu yake, ili simu iweze kujisahihisha yenyewe maisha yake yote. Inajisahihisha katika mambo matatu makubwa.

La kwanza ni mwendo wa fuwele yake ya saa, ile inayotetema mara milioni 26 kwa sekunde. Mtandao wa GSM unadai simu isipishane na mnara zaidi ya sehemu moja katika milioni kumi. Kwenye megahertz 900 hiyo ni hertz 90 tu. Simu hujilinganisha na mnara kufikia usahihi huo, lakini lazima ianzie karibu, na mahali pa kuanzia pameandikwa kwenye vipimo. La pili ni nguvu ya kutuma. Simu ya kawaida ya megahertz 900 inaruhusiwa hadi wati 2, na mnara huiamuru ipandishe au ishushe. Mnara ukisema panda ngazi hii, simu hutazama vipimo vyake ijue ni umeme kiasi gani unaotoa nguvu hiyo katika mwili wake. La tatu ni kusikia: mawimbi yaliyoingia yana nguvu gani hasa, baada ya kutoa yanayopotea njiani kati ya antena na chipu. Hata betri ina kipimo chake. Mmesahau zile simu zilizoonyesha chaji imejaa, ukipokea simu ya kwanza zinazimika? Betri nyingine zilikuwa nzima kabisa.

Ufutaji huo ulizaa biashara. Fundi mwenye simu iliyofutika alitafuta nyingine nzima ya aina ile ile, akaisoma kumbukumbu yake yote, akaimwaga ndani ya iliyofutika. Mtandao ukarudi. Mteja akalipa, akashukuru, akaenda zake. Sasa kulikuwa na simu mbili zenye IMEI moja, na moja kati yake ilikuwa ikijisahihisha kwa makosa ya mwenzake.

Jijini mchezo huo ulifichika. Mtu wa Kariakoo amezungukwa na minara, na mnara ukiwa karibu huiamuru simu inong'one, hivyo vipimo vikikosea kidogo hakuna anayejua. Kwetu ni tambarare. Mnara wa GSM kwa kawaida unamhudumia mtu aliye hadi kilomita 35, na huhesabu umbali wake kwa hatua za mita 550 hivi, na miaka ile wako watu wa upande wa mbuga ya Wembere waliokuwa kwenye hatua za mwisho mwisho. Huko simu lazima ipige kelele kwa nguvu zake zote na isikie mnong'ono. Simu yenye vipimo vya kuazima ilishika mtandao vizuri stendi, fundi akionyesha vijiti vinne na mteja akiridhika, kisha ikazidi kufifia kadiri baiskeli ilivyoacha lami.

Mzee mmoja mfugaji alikuja kwa mjomba na simu ya namna hiyo, kaflashiwa na fundi mwingine. Nilikuwepo.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

"Simu hii hapa mjini inaongea. Nikifika nyumbani inakuwa bubu. Ya kijana wangu ni kama hii hii, tulinunua pamoja, yake inaongea pale pale nyumbani."

Mjomba aliifungua, akabonyeza, akalinganisha na karatasi ya chini ya betri. Hazikuoana. Akamweleza yote: namba, mkono, kiwanda, nakala. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza swali ambalo sijapata kusikia mhandisi akiliuliza vizuri zaidi.

"Sasa vile vya kwake vya kweli viko wapi?"

"Vilikuwa humu humu, baba."

"Humu tu? Kiwandani hawakubaki na nakala?"

"Labda wanayo. Shenzhen ni mbali."

Mzee akacheka, mjomba akacheka. Mjomba aliirudishia ile namba ya kwenye karatasi, maana ndiyo iliyokuwa yake. Vipimo hakuwa na pa kuvitoa. Akamshauri anunue nyingine, na asimruhusu mtu yeyote kuiflashi bila kwanza kuisoma na kuhifadhi nakala. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kwa kila Mchina aliyepita mezani. Alisoma kwanza kumbukumbu yote, akaihifadhi kwenye kompyuta kwa jina la tarakimu zile 15, ndipo akashika kazi. Ilichukua dakika nyingi, na vijana wa vibanda vya jirani walimcheka kwa kuwakalisha wateja.

Wakati sisi tunapambana na boksi, dunia ilikuwa inajipanga. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2002 iliyofanya kubadili namba ya simu kuwa kosa la jinai. Kenya ilizima simu bandia usiku wa kumalizia Septemba 2012, zaidi ya milioni moja kwa mara moja. Kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta mwaka 2010, na tarehe 17 Desemba 2015 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ikaanzisha rajisi kuu ya namba za vifaa, ikatoa miezi sita. Redio zilitangaza mchana na usiku: bonyeza *#06#, tuma namba kwenda 15090, ujibiwe simu yako ni ya kampuni gani na ya aina gani. Mwisho ulikuwa tarehe 16 Juni 2016.

Ilikuwa ndani ya Ramadhani, na msimu wa pamba ulikuwa umefika. Waliokuwa na fedha ya pamba walinunua simu mpya kabla ya siku yenyewe. Wasiokuwa nayo walingoja, kwa imani kwamba serikali huwa inaongeza muda. Safari hiyo haikuongeza. Stendini kesho yake watu walisimama na simu zinazopiga muziki na kuonyesha saa, nazo hazimpati mtu. Wengi walikuwa wamenunua bandia, na hao angalau waliambiwa wamenunua bandia. Wengine simu zao zilikuwa na namba halali kabisa siku ziliponunuliwa. Zilifutwa mezani kwa fundi, zikapewa namba ya jirani, na mwenyewe hakuwahi kujua kwamba kuna kitu kilitoka na kingine kikaingia.

Siilaumu nia ya sheria. Simu iliyoibwa Nzega asubuhi iliuzwa Igunga jioni, na namba isiyobadilika ndiyo dawa ya hilo: unapeleka taarifa ya polisi kwa kampuni ya simu, inafungwa. Ninachojutia ni kwamba hatukuwekewa njia ya kurudi. Wahindi walikutana na tatizo hili hili mapema zaidi. Mwaka 2009 serikali yao iliamuru simu zisizo na IMEI zikatwe, nazo kampuni za simu zikaanzisha mpango wa kupandikiza namba halali: mtu alikwenda na Mchina wake kwenye kituo kilichoidhinishwa, akalipa rupia 199, akatoka na namba yake. Maskini hakutupa simu yake, na fundi aliyeidhinishwa alipata kazi ya halali. Igunga ilikuwa na mafundi wa kutosha kwa mpango kama huo. Tulichopata ni tarehe.

Siku hizi viwanda vimejifunza. Kwenye simu janja za leo namba na vipimo vimetengewa sehemu yake ya kumbukumbu, mbali na picha na majina, na nyingi zina saini ya siri ya kiwanda. Ukivigusa, redio ya simu inagoma kuvipokea. Mtoto aweke neno la siri, fundi afute simu mara anazotaka, namba haiondoki. Ni maendeleo ya kweli, na mjomba ndiye wa kwanza kukubali. Kazi yake sasa ni kubadilisha vioo, mifumo ya chaji na betri zilizogundishwa kwa gundi. Boksi la kuflashia limefungwa ndani ya mfuko wa rambo juu ya kabati.

Lakini bado ipo simu inayoingiwa na maji au kupigwa na umeme wa radi za mwezi wa kumi na moja, sehemu ile ikaharibika. Zamani tatizo lilikuwa kwamba kila mtu aliweza kuandika pale. Sasa hakuna anayeweza, na mwenye simu hakuwahi kupewa nakala katika zama zote mbili. Aliponunua Mchina hakuambiwa kwamba vipimo vya simu yake viko mahali pamoja tu. Anaponunua simu janja leo haambiwi vilevile. Kwa namba ana boksi lililokuja na simu, kama hakulitupa. Kwa vipimo hana chochote.

Namba za namna hii hazikuishia kwenye simu. Mwaka ule ule wa 2010 wa sheria ya mawasiliano, Bunge lilipitisha pia sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Ng'ombe wakapigwa chapa ya moto yenye herufi za wilaya, na wafugaji wetu walilalamika lakini walielewa, kwa kuwa chapa wanaijua. Kisha zikaja hereni za kielektroniki, zikazua mabishano, zikasimama, na Juni 2025 kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo ikazinduliwa Bariadi. Kwa kanuni ya kimataifa, namba inayosomwa kwa mawimbi kutoka kwenye hereni ya namna hiyo nayo ina tarakimu 15, na kwa Tanzania mwanzo wake ni 834. Laini za simu nazo tangu Mei 2019 zinasajiliwa kwa alama za vidole, na zilizokuwepo zilipewa mwisho wa Januari 20, 2020, na kuna vidole vilivyosuguliwa na jembe ambavyo mashine haikuvisoma hata vilipofutwa kwa ndimu. Ng'ombe, laini, simu na mtu mwenyewe, kila mmoja sasa ana namba iliyoandikwa ndani ya kitu asichoweza kukifungua.

Sitaki turudi kwenye nta. Nta ilidanganya pia, na sikio la mjomba lisingeweza kutuni redio inayodai hertz 90. Ningetaka jambo dogo lenye gharama ndogo: kiwanda kinachopima simu kiwe na wajibu wa kuhifadhi vipimo hivyo na kumpa mwenyewe haki ya kurudishiwa, na nchi iwe na fundi aliyeidhinishwa, hata mmoja kwa wilaya, wa kuvirudisha mbele ya macho ya mwenye mali. TCRA inawapa leseni watu wa aina nyingi. Ufundi huu wa kurudisha vipimo ungeweza kuwa na leseni yake, na mtihani wake, na mjomba angeufaulu.

Hivi karibuni mama mmoja wa Choma alifika mezani na simu janja iliyolowa mvua. Kijana anayekaa na mjomba siku hizi aliikausha, ikawaka, picha za wajukuu zote zipo, mtandao hakuna. Alibonyeza *#06#, akaona sifuri. Hakuuliza vipimo viko wapi, na sikuona sababu ya kumlaumu, kwa sababu hakuna mtu mwenye jibu ambaye angempigia.

"Mayu," akamwambia, "hii nunua tu nyingine."

Naye akanunua, kibanda cha pili kutoka pale, kwa fedha ya dengu.